Naomba Pua ya Serikali Ije Kunusa Kambare wa Clementi

Bhoke Machage (Mama Magige),
Chumba cha juu, nyuma ya soko,
Musoma.
Jumanne, 14/2/1989

Kwa Bwana Afya wa Mji,
Musoma.

YAH: MOSHI WA KAMBARE UNAONIPANDIA KUTOKA CHINI

Ndugu Bwana Afya,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama mimi ndiye mkubwa, basi uniamkie ukifika hapa kwenye nukta. Habari za ofisini? Habari za mama na watoto? Nimesikia yule wa mwisho ameota meno mawili, hongera. Sisi huku juu ni wazima, pumzi tunavuta, ila ndiyo hiyo pumzi yenyewe imenifanya nishike kalamu.

Mimi unanijua. Ni yule mama mnene anayekaaga dirishani kwenye ghorofa ya nyuma ya soko. Siku ile ulipokuja kukagua choo cha hoteli nilikusalimia kutoka juu, ukashtuka ukaangusha faili. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na mwalimu wetu alitufundisha kwamba malalamiko yasiyo na namba ni umbea. Kwa hiyo yangu nimeyapa namba. Mimi siyo mmbea.

Nianze na nyumba. Chini ya chumba changu palikuwaga duka la ushirika, enzi zile za shida. Duka lile halikuwa na harufu maana halikuwa na kitu. Utanusa nini kwenye shelfu tupu? Tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, saa nane wanatuambia sabuni haijaja, tunarudi nyumbani na uchafu wetu. Lakini tulikuwa tunajuana, Bwana Afya! Ukikaa foleni na mtu masaa sita, unajua mpaka ugomvi wake na wifi yake. Sasa hivi mambo ruksa, sabuni za kila rangi zimejaa, mtu anaingia dukani, anachukua, anatoka, hata jina hajasema. Haya, tuyaache, hiyo siyo idara yako.

Mwaka jana duka likapangishwa kwa Clementi. Clementi ni kijana mzuri tu, mimi sina ugomvi naye, mke wake Marieta ananiitaga mama. Wakaleta makarai mawili, makubwa ya kuogeshea mtoto, wakafungua biashara ya kukaanga kambare. Kambare wanaletwa asubuhi kutoka Murangi, Marieta anakata, Clementi anakaanga tangu saa nne mpaka jua linazama. Foleni yake inafika kwa fundi cherehani. Nadhani ndiyo foleni pekee iliyobaki mji mzima.

Sasa sakafu yangu ni ya mbao, mbao za zamani za Mhindi aliyejenga, na hapo karibu na mguu wa kitanda kuna tundu. Kikombe cha chai kinapita. Na hiyo tundu iko juu ya karai sawasawa, kama mtu alipima kwa kamba. Moshi ukitoka kwenye karai hautafuti dirisha wala mlango. Unakuja kwangu moja kwa moja, kama mtoto anayejua kwao.

Haya sasa, malalamiko.

1. Kila kitu changu kinanuka kambare. Chai inanuka kambare. Uji unanuka kambare. Juzi nilipaka mafuta ya nazi kichwani, baada ya nusu saa kichwa kikanuka kambare aliyeungwa nazi. Chumvi, Bwana Afya, chumvi yenyewe! Nimeacha kutia mboga viungo maana haina faida.

2. Paka. Zamani hapa ghorofani kulikuwa na paka mmoja, wa mwenye nyumba, mzee, haoni vizuri. Sasa wako kumi na moja. Wanalala mlangoni kwangu kama askari. Wengine siwajui hata kwa sura, nadhani wametoka Buhare huko, wamefuata harufu mpaka mjini. Na binadamu nao hivyo hivyo. Mtu anapanda ngazi, anasema nilikuwa napita tu, anakaa, anavuta pua, anaangalia jikoni. Nikileta uji anauangalia kama nimemtukana. Wanaenda kusema Mama Magige ana samaki anawaficha. Katika maisha yangu ya shida zote nilizopita sijawahi kuitwa mchoyo, nimekuja kuitwa mchoyo kwa samaki asiye wangu.

3. Mume wangu. Baba Magige anakaaga Bugwema kwa ng'ombe wake, mjini anakuja mwisho wa mwezi. Mwezi wa kumi na mbili alikuja bila kutoa habari. Akafungua mlango, akasimama, akanusa. Akaniuliza, unampikia nani? Nikamwambia simpikii mtu, ni Clementi. Akasema, Clementi ni nani? Ona sasa! Nikamwambia ni yule wa chini. Akasema, kumbe yuko karibu namna hiyo? Akainama akaangalia uvungu wa kitanda, akakuta tundu, na kwenye tundu akamwona Clementi ameinua uso anatabasamu, anasema karibu mzee. Baba Magige alirudi Bugwema jioni ile ile, na mpaka leo hajaleta maziwa.

4. Mwezi uliopita nilienda Butiama kwenye msiba wa shangazi ya mume wangu. Nguo nilifua mara mbili na kuianika upande wa ziwa. Nikafika, nikakaa na akina mama wenzangu kwenye mkeka, tukaanza kulia. Baada ya muda nikaona kilio kinapungua. Mmoja amenyamaza, wa pili amenyamaza, wa tatu anafuta machozi anageuka geuka. Halafu bibi mmoja akauliza, jamani, chakula kiko tayari? Watu wakaanza kunawa mikono, Bwana Afya. Marehemu hajazikwa! Wapishi wakaja wakasema hata moto hatujawasha. Nililia peke yangu, kwa sauti, kuficha aibu. Ndugu wa marehemu walinipenda sana siku ile, walisema hakuna aliyelia kama mimi.

Pia nilipita Bunda kwa dada yangu Tereza nikakaa siku mbili, huyo aliniambia nilale jikoni. Hiyo sikuipa namba kwa sababu ni ndugu yangu.

5. Hapa ndipo penyewe, kwa hiyo kaa vizuri kwenye kiti. Sisi ni Wasabato. Kambare hana magamba, na samaki asiye na magamba kwetu siyo chakula hata awe mtamu namna gani. Watu wanasema ni mtamu. Mimi ni shemasi, Bwana Afya. Miaka kumi na moja ndiye ninayefua vitambaa vya Meza ya Bwana, nanyosha kwa pasi ya mkaa, nakunja, nafunga kwenye shuka safi, siku ikifika natandika. Shule sikusoma, kwaya siimbi vizuri, mali sina. Kazi niliyo nayo mbele za Mungu ni hiyo tu ya vitambaa, na hakuna mtu amewahi kuona doa.

Meza ya Bwana iliyopita nikafungua shuka. Nikakung'uta kitambaa hivi, kama kawaida, nikitandike vizuri. Jamani. Harufu ilitoka pale ikatembea kanisa zima, benchi kwa benchi, kama mtu anayekusanya sadaka. Mchungaji alikuwa anasoma, akakosea mstari. Niliona pua zote zinacheza. Ndipo Mzee Wanzagi, mzee wa kanisa wetu, mtu mkali sana kwa mambo ya vyakula, akasimama akafumba macho, akanusa. Akasema, hii ni kambare. Akanusa tena. Akasema, tena wa Murangi, wa kukaanga, amewekwa ndimu kabla ya chumvi.

Nilishangaa anavyojua. Mimi ninayekaa juu ya karai sijui kama ndimu inatangulia.

Tangu siku hiyo Mzee Wanzagi amekuja kwangu mara tatu kufanya uchunguzi. Mara zote tatu amekuja saa sita mchana, karai likiwa limechemka vizuri. Hataki kiti, anasimama karibu na tundu, anafumba macho, anavuta pumzi ndefu. Mara ya tatu alichunguza karibu saa nzima, nikamwona anameza mate, nikajua anahuzunika kwa ajili yangu. Nikamweleza, baba mchungaji wa kondoo, hii harufu siyo yangu, ni ya chini. Akasema, binti yangu, harufu ni ya yule ambaye imekutwa kwake.

Kwa hiyo Jumamosi hii, tarehe 18, Sabato ikishaisha, baraza la kanisa linakaa. Ajenda ni mimi. Nikishindwa kujitetea, ninanyang'anywa vitambaa anapewa Lukresia, ambaye hata shuka zake za nyumbani haoshi vizuri, nimesikia kwa watu wanaokaa karibu naye. Kuitwa mchoyo niitwe, kulala nilale jikoni Bunda, mume asilete maziwa, yote nimevumilia. Vitambaa hapana.

6. Utaniuliza, Mama Magige, si uzibe hiyo tundu? Nilishaziba. Niliweka gunia, juu yake sanduku. Moshi ulipungua, nakiri. Lakini hewa haikuwa nzuri. Nilikaa siku mbili kama mtu aliyefungiwa kwenye debe. Siku ya tatu nikakutana na mama mmoja sokoni nikamwuliza habari ya mumewe, kumbe mume ameondoka tangu juzi, kila mtu anajua isipokuwa mimi. Aibu niliyoipata! Nikarudi nikatoa gunia. Mimi siyo mtu wa kusikiliza maneno ya watu, lakini yanapanda pamoja na moshi, mimi siwezi kusema moshi pita, maneno baki. Basi tundu nimeiacha wazi kwa sababu za kiafya, na wewe kama mtaalamu utanielewa.

Sasa ninachoomba. Nimefikiri sana, siyo mambo makubwa.

Kwanza naomba uje na pua ya serikali. Kanisa lina pua yake, ambayo ni Mzee Wanzagi, na imeshatoa hukumu. Pua ya kanisa inaweza kukatiwa rufaa kwa pua gani kama siyo ya serikali? Wewe ndiye unanusaga bucha, unanusaga machinjio, unanusaga vyoo vya mji mzima, na ukisema hiki kimeoza, kinatupwa. Uje hapa, unuse juu, ushuke unuse chini, upande tena, uandike.

Halafu naomba cheti. Kiwe na muhuri, ule wa mviringo siyo wa pembe, maana Mzee Wanzagi anaheshimu mviringo. Kiandikwe hivi: HARUFU INAYOTOKA KWA BHOKE MACHAGE SIYO YA BHOKE MACHAGE. Nakala moja nitabandika mlangoni kwa ajili ya wanaopita tu. Nyingine iende Bugwema. Nyingine nitaivaa shingoni nikienda misibani.

Tena naomba Clementi aamriwe akaange sato mpaka tarehe 18 ipite. Sato ana magamba. Harufu ya sato hata ikijaa kanisa lote hakuna dhambi, watu watasikia njaa tu.

Kama hilo haliwezekani, basi naomba moshi ukamatwe. Usicheke. Kule Bugwema ng'ombe wa mtu akiingia kwenye mtama wako huanzi kumlaumu ng'ombe wala huambiwi kwa nini shamba halina uzio. Unamkamata, unamfunga kwenye mti, unapeleka habari, mwenyewe anakuja na watu wazima mbele ya wazee, anasema ni wangu, samahani. Huu moshi ni ng'ombe wa Clementi. Unaingia kwangu kila siku saa nne, unakula chai yangu, unakula nguo zangu, umekula ndoa yangu, sasa unakula vitambaa vya Bwana. Kwa nini mimi ndiye niitwe mbele ya wazee? Aitwe mwenye moshi aje na watu wazima, asimame kanisani Jumamosi jioni aseme, huyu ni wangu, samahani, akiondoka aende naye.

Na kama sheria hiyo haipo, naomba mtunge. Mjini pana mpaka wa viwanja, sioni kwa nini pasiwe na mpaka wa moshi. Wa chini uwe wa chini. Wa juu uwe wa juu. Anayetaka moshi wake upande, aombe ruhusa ya maandishi kwa aliye juu yake, na mimi nikiombwa kwa heshima naweza nikafikiria, kutegemea na siku.

Nisalimie mama watoto, mwambie kitambaa alichonunua Jumatatu kinampendeza lakini asikikate kwa yule fundi wa pembeni. Nisalimie karani wako mwenye kikohozi, yule msichana wa taipu, mlinzi wa geti, na dereva wa gari la taka aliyeoa. Clementi na Marieta nao wanakusalimia, nimewasomea barua hii kupitia kwenye tundu ili wasije kusema nimewasengenya, wakasema imeandikwa vizuri.

Ni mimi niliye juu ya moshi, nikisubiri pua yako,

Bhoke Machage,
Shemasi (mpaka Jumamosi).

N.B. Leo ni Jumapili tarehe 19. Barua ilikaa ndani siku zote hizi kwa kukosa bahasha, na ni afadhali ilikaa, maana mambo yamebadilika.

Alhamisi saa sita nilikuwa nimekaa pale karibu na mguu wa kitanda, nachambua mchele, nikasikia sauti kwenye foleni. Sauti ya upole. Inasema, mwanangu Marieta, nifungie yule mnene, na kichwa usikitoe, ni cha mgonjwa. Marieta akasema, mzee, huyu mgonjwa wenu wa kila Alhamisi hajapona tu? Sauti ikajibu, anaendelea vizuri, mwongezee pilipili. Nikaweka jicho kwenye tundu. Alikuwa amevaa kofia mpaka kwenye masikio, lakini upara wa Mzee Wanzagi ninaujua hata kwa nyuma, nimekaa nyuma yake kanisani miaka kumi na moja.

Mimi siyo mmbea. Nilikwenda tu dirishani, akitoka nikamsalimia kutoka juu. Shikamoo mzee, mgonjwa anaendeleaje? Gazeti alilofungiwa kambare lilimponyoka, paka wangu wote kumi na moja wakashuka.

Jana kwenye baraza yeye ndiye aliyesimama wa kwanza. Alisema pua ya binadamu ni kiungo dhaifu kinachodanganyika, na kwamba hakuna dada anayefua vitambaa kama mimi. Wote wakasema amina. Nimebaki na vitambaa vyangu, na ajenda ya Lukresia imefutwa. Kwa hiyo cheti sihitaji tena, muhuri wako utunze. Sato pia aachwe, na moshi usikamatwe, nimeshauzoea, kwanza unafukuza mbu.

Lakini sasa kuna hatari nyingine, na hii ni ya haraka. Kumbe Clementi nilipomsomea barua alihuzunika moyoni. Kesho Jumatatu saa mbili anamleta fundi na silingi bodi, wapigilie dari nzima ya chini, tundu izibwe kabisa. Anasema mama hutasikia tena moshi wala kelele. Mimi nikalia, yeye akadhani ni furaha.

Naomba sana, Bwana Afya, uje kabla ya saa mbili umzuie. Silingi bodi ni mbaya kwa afya, wewe utajua kuandika ni kwa namna gani. Ile tundu ndiyo foleni yangu iliyobaki. Hata wewe ina faida kwako. Jumanne ile nikiwa nakuandikia, watu wawili kwenye foleni walikuwa wanazungumza habari yako, ya uhamisho na ya yule mama wa Murangi. Walipofika kwenye jina, Clementi akatumbukiza kambare mbichi kwenye mafuta, karai likapiga kelele, sikusikia. Walisema watamalizia Jumanne hii.